Kisa cha Bobi wa Tabata: mbwa mwenye moyo mgonjwa na daftari la pumzi

Bobi alikuwa dume mdogo, chotara, mweupe mwenye mabaka ya kahawia. Siku alipoletwa kwangu alikuwa na miaka 11 na kilo 8.4. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa Tabata anayeishi na mtoto wa mdogo wake, kijana aliyemaliza kidato cha sita na anayesubiri kwenda chuo. Majina ya watu nayaacha. Kisa nakieleza kirefu kwa sababu mbwa wengi wadogo wa umri huo hapa Dar es Salaam wanakufa na ugonjwa huu wa moyo huku wakitibiwa kikohozi. Sababu nyingine ni kwamba kilichoongoza matunzo ya Bobi katika miezi yake ya mwisho, kuliko dawa yoyote niliyoandika, ni daftari la shule ambamo kijana yule aliandika idadi ya pumzi za mbwa akiwa usingizini.

Jioni ya kwanza

Ilikuwa Januari, joto bado halijashuka, na Barabara ya Mandela imefungana. Walikuja na bajaji. Mwalimu alimbeba kifuani kwa kanga. Tulisalimiana upesi: shikamoo Mwalimu, marahaba dokta, huyu hapumui. Nilimweka Bobi mezani, akakataa kulala. Alisimama viwiko vimetanuka mbali na mbavu, shingo imenyooshwa mbele, tumbo likihangaika kusaidia kuvuta hewa. Pumzi 68 kwa dakika, mapigo ya moyo 170. Fizi zilikuwa zimepauka, zimeingia ukijivu.

Stetoskopu ilipokaa upande wa kushoto, karibu na kiwiko, nilisikia mvumo mmoja mrefu uliomeza sauti za kawaida za moyo. Nilipoweka kiganja kifuani, mtetemo wake ulifika mkononi. Mvumo unaogusika namna hiyo huhesabiwa daraja la 5 kati ya 6. Kwenye mapafu, pande zote mbili, kulikuwa na milio midogo ya kuchakarika kila alipovuta hewa.

Mbwa wa hali hii hapelekwi moja kwa moja kwenye eksirei. Ukimlaza kwa nguvu kupata picha nzuri, anaweza kufia mezani. Nilimchoma furosemaidi, ile dawa ya kutoa maji ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix, miligramu 2 kwa kila kilo, kisha nikamwekea bomba la oksijeni mbele ya pua na kumwacha akae anavyotaka, feni ikimpepea. Baada ya saa moja nilirudia sindano. Alikojoa sakafuni, mkojo mwingi, na hiyo ndiyo ilikuwa habari njema ya kwanza usiku ule. Pumzi zilishuka hadi 50, kisha 40. Kabla ya usiku wa manane alilala ubavu, jambo ambalo Mwalimu alisema hakuwa amelifanya kwa siku tatu.

Tulipopata nafasi ya kuzungumza, Mwalimu alinipa historia kwa mpangilio wa mtu aliyeandika maazimio ya somo maisha yake yote. Kikohozi kilianza wakati wa masika ya mwaka uliotangulia, zaidi usiku na kila alipofurahi. Waliambiwa mafua, wakapewa dawa ya maji. Baadaye wakaambiwa mapafu, wakapewa antibayotiki. Kilitulia, kikarudi. Miezi miwili kabla ya kuja kwangu, Bobi alianza kuanguka.

"Wakasema kifafa," Mwalimu aliniambia. "Jirani mmoja akasema hapana, huyo karogwa."

Kijana alikuwa na video kwenye simu, na video ile ilinisaidia kuliko maelezo yote. Inamwonyesha Bobi akikimbilia geti kumpokea Mwalimu, anakohoa mara mbili, miguu ya nyuma inalegea, anaanguka ubavu, shingo inakwenda nyuma. Sekunde kumi hivi baadaye anainuka na kumtafuta Mwalimu kana kwamba hakuna kilichotokea. Mbwa wa kifafa kwa kawaida hukakamaa na kutetemeka, mara nyingi anatoka mate na kujikojolea, na akizinduka anabaki amepotewa kwa muda. Huyu alizimia, ubongo umekosa damu kwa sekunde chache, kisha akarudi mzima. Ukiwa na mbwa anayeanguka, mpige picha ya video kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Daktari akiiona, nusu ya swali limejibiwa.

Kilichokuwa kinaendelea kifuani

Siku ya pili, alipokuwa ametulia, tulimpiga eksirei, na baadaye wiki ile mwenzangu anayefanya altrasaundi alimpima moyo. Ugonjwa ulikuwa wa vali ya mitrali, vali iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo. Kwa mbwa wadogo wanaozeeka ndio ugonjwa wa moyo unaoongoza. Kati ya mbwa wote wenye maradhi ya moyo, takriban 75 kwa 100 wana huu. Vali huvimba vinundu na kujikunja pembeni, ikawa kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua ambao haufungi tena sawasawa. Kila pigo, damu iliyotakiwa kwenda mwilini inarudi nyuma kidogo. Moyo unaopiga 100 kwa dakika unapiga mara 144,000 kwa siku, na kila pigo linavujisha. Chumba cha juu kinapanuka, shinikizo linarudi hadi kwenye mishipa ya mapafu, na maji yanaanza kupenya kwenye vifuko vya hewa.

Kwenye picha, moyo wa Bobi ukipimwa kwa urefu wa pingili za mgongo ulifika 12.4. Kwa mbwa wengi mwisho wa kawaida ni 10.5. Altrasaundi ilionyesha chumba cha juu cha kushoto kikubwa mara 2.3 kuliko mshipa mkuu ulio jirani yake, wakati kikifika 1.6 tu tunasema kimepanuka.

Picha hiyohiyo ilieleza kikohozi. Chumba kilichopanuka kilikuwa kimelisukuma juu bomba la hewa la kushoto na kulibana. Jambo hili naomba lieleweke, maana lina matokeo kwenye matunzo: mbwa wa moyo anaweza kukohoa kwa sababu bomba limebanwa huku mapafu yakiwa makavu, na anaweza kujaa maji bila kukohoa hata mara moja. Mwenye mbwa akifuata kikohozi kama kipimo chake, atampa vidonge siku asiyohitaji na atalala siku ambayo alitakiwa kukimbia hospitali.

Tulipima pia damu. Tuko pwani, mbu ni wengi, na kuna minyoo ya moyo inayosambazwa na mbu, kwa hiyo kipimo chake kilifanyika na hakikuonyesha maambukizi. Homa za kupe nazo hazikuwepo. Figo zilikuwa sawa: kreatinini, uchafu wa damuni ambao figo huutoa, ilikuwa mikromoli 112 kwa lita.

Madaktari bingwa wa mifugo wa Marekani chini ya chuo chao cha ACVIM walitoa mwongozo wa ugonjwa huu mwaka 2009 na kuuandika upya mwaka 2019. Wameugawa katika madaraja. A ni mbwa wa aina iliyo hatarini lakini moyo wake mzima. B1 ana mvumo, moyo haujapanuka. B2 moyo umepanuka, dalili hakuna. C amekwishajaa maji, awe sasa au zamani. D ni yule ambaye dawa za kawaida kwa vipimo vya kawaida hazimtoshi. Bobi aliingia kwangu akiwa C.

Mwalimu aliuliza swali ambalo nilitegemea. "Pale Muhimbili si kuna Taasisi ya Jakaya Kikwete, wanafungua mioyo ya watu? Hawa hawafunguliwi?" Wanafunguliwa. Japani na Uingereza wapo madaktari wanaorekebisha vali ya mbwa kwa upasuaji wa wazi, damu ikizungushwa na mashine. Gharama yake na safari yake havikuwa vya nyumba ile, wala vya nyumba nyingi duniani. Nilimjibu hivyo, na nikamwambia kwamba tuliyo nayo sisi ni vidonge, chakula na macho ya watu wa nyumbani, na kwamba mbwa wengi waliofikia hapo hupata miezi, wengine mwaka na zaidi.

Vidonge, chakula, maji

Bobi aliondoka na dawa nne. Furosemaidi ya miligramu 40, nusu kidonge asubuhi na jioni. Pimobendani miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, saa moja kabla ya chakula. Hii huupa moyo nguvu ya kusukuma na kulegeza mishipa. Enalaprili, dawa ya shinikizo la damu, nusu ya kidonge cha miligramu 5, mara mbili. Spironolaktoni, nayo ya kutoa maji, nusu ya kidonge cha miligramu 25, mara moja. Vipimo hivi ni vya Bobi, kwa uzito wake na figo zake. Mbwa mwingine apimwe kwanza.

Tatu kati ya hizo ni dawa za watu, zinapatikana duka la dawa la kawaida, na bei yake si kubwa. Pimobendani ndiyo iliyotusumbua. Madukani tulikoulizia haikuwepo, ikaagizwa Nairobi, na ikachukua sehemu kubwa ya matumizi yote. Je, inafaa kuihangaikia? Kwa maoni yangu inafaa, kama pesa ipo. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulilinganisha mbwa wa daraja C waliotumia pimobendani na waliotumia benazeprili, ndugu wa enalaprili, juu ya dawa nyingine. Muda wa kati kabla ya kufa, kulazwa usingizi wa mwisho au kushindwa kwa tiba ulikuwa siku 267 kwa 140. Lakini kama pesa inatosha dawa moja tu, iwe furosemaidi, kwa sababu mbwa mwenye maji mapafuni hana muda wa kusubiri mzigo wa Nairobi.

Kulikuwa na dawa moja niliyoikataza kwa sauti ya juu. Jirani alishauri diklofenaki, akidhani mbwa anaumwa mgongo. Diklofenaki na ibuprofeni zina hatari kwa mbwa yeyote, na kwa aliye kwenye furosemaidi na enalaprili zinaweza kuziua figo kwa siku chache.

Chakula kilikuwa na habari yake. Bobi alilelewa kwa ugali na dagaa, na dagaa wenyewe ni wa baharini, wale wanaotoka Zanzibar, ambao huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Mwalimu hakuwa anaongeza chumvi hata chembe kwenye sufuria ya mbwa, ila chumvi ilikuwa imeshaingia kabla dagaa hawajavuka bahari. Juu yake alikuwa anapata kipande cha mkate asubuhi na mabaki ya mchuzi uliotiwa kiungo cha pakiti. Tulibadilisha: kuku au nyama ya kusaga iliyochemshwa maji matupu, wali au viazi vitamu, samaki mbichi siku akipatikana. Dona aliendelea kuipata, haina ubaya. Vidonge viliingia ndani ya kipande cha ini.

Maji alipewa muda wote. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wenye nia njema huondoa bakuli wakisikia kwamba mbwa ana maji kwenye mapafu. Furosemaidi inamkojoza sana, na asipokunywa damu inakuwa nzito, figo zinaumia, anaacha kula. Mbwa anywe anavyotaka. Mkojo wa usiku sebuleni ni wa kufuta, si wa kumgombeza. Mwalimu alitandika mkeka wa zamani karibu na mlango wa nyuma na mambo yakaisha.

Mkanda wa shingoni ulivuliwa, akavalishwa wa kifuani. Matembezi yakawa alfajiri, kabla jua halijakaa. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na kwa mbwa wa moyo kila dakika ya kuhema ni kazi ya ziada kwa kifua ambacho tayari kina kazi.

Daftari

Nilimpa kijana kazi moja. Kila siku, Bobi akiwa amelala usingizi mzito, aangalie ubavu wake. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Ahesabu dakika nzima kwa saa ya simu na kuandika. Asihesabu akiwa macho, wala akihema kwa joto, wala akiota huku miguu inachezacheza. Mbwa mzima, na mbwa wa moyo ambaye dawa zimemkaa vizuri, akilala huwa chini ya 30. Ikizidi 30 siku mbili mfululizo, anipigie. Ikizidi 40, asisubiri kukuche.

Wengi huitikia na kuacha baada ya wiki. Kijana huyu hakuacha. Daftari ninalo mbele yangu sasa, Mwalimu aliniazima. Lina safu tatu kwenye kila ukurasa, zimechorwa kwa rula: tarehe na saa, pumzi, maelezo. Februari yote ni 22, 24, 21, 26. Kwenye maelezo ameandika vitu ambavyo sikumwomba, na vingi vilikuwa na faida. "Kala yote." "Kakohoa mara nne, ila pumzi 23." "Umeme ulikatika saa nne usiku, feni haikufanya kazi, pumzi 33, umeme uliporudi 25." Mstari huo wa mwisho ulitufundisha kwamba joto peke yake linaweza kuipandisha hesabu, na tangu hapo kila namba iliyopanda alirudia kuhesabu baada ya chumba kupoa kabla ya kunipigia.

Mei, mvua zikinyesha na hewa imepoa, namba zilianza kusogea bila kelele. 27, 28, 27, 31, 34. Kikohozi hakikuongezeka. Bobi alikula, alitikisa mkia, na Mwalimu mwenyewe alisema mbwa ni mzima. Kijana alipiga simu.

"Dokta, shikamoo. Mama mkubwa anasema namsumbua mgonjwa bure, lakini 31 jana na 34 leo, na leo kuna baridi."

Walikuja asubuhi. Milio ya kuchakarika ilikuwa imerudi chini ya mapafu, kidogo sana. Tuliongeza furosemaidi ikawa nusu kidonge mara tatu kwa siku. Baada ya siku mbili namba zilirudi 24. Yule mbwa hakuona meza ya dharura, hakuona oksijeni. Angeletwa wiki moja baadaye tungeanza tena pale tulipokuwa Januari, naye akiwa na nguvu pungufu.

Nimewahi kusikia hoja kwamba kumpa mwenye mbwa kazi ya kuhesabu ni kumtia wasiwasi. Kwa nyumba nyingine inawezekana. Nilichoona Tabata ni kinyume. Kabla ya daftari, Mwalimu alikuwa anaamka usiku kila Bobi akikohoa, anawasha taa, anamshika kifua. Baada ya miezi miwili alikuwa anauliza, "Ngapi leo?" akijibiwa 23 anageuka upande wa pili na kulala.

Daraja D

Julai namba zilipanda tena. Furosemaidi ikafika kidonge kizima asubuhi, nusu mchana, nusu jioni, miligramu 80 kwa siku. Uzito ulikuwa umeshuka hadi kilo 7.6, kwa hiyo alikuwa anapata zaidi ya miligramu 10 kwa kilo kwa siku. Mwongozo unasema ukivuka 8 na bado maji yanarudi, umeingia daraja D. Tulibadilisha tukaweka torasemaidi, dawa ya familia ileile ila yenye nguvu zaidi na inayokaa muda mrefu mwilini, nusu ya kidonge cha 5 mara mbili kwa siku. Pimobendani tuliipeleka mara tatu. Kreatinini ilipanda hadi 190 na potasiamu ikashuka kidogo. Katika hatua hii figo na mapafu vinagombania maji yaleyale, na lazima mtu aamue. Niliamua kuvumilia 190 kwa sababu Bobi alikuwa bado anakula na hatapiki. Mbwa hufa kwa maji ya mapafu kwa saa chache, ilhali kreatinini ya 190 anaweza kuishi nayo kwa miezi.

Misuli ya mgongo na mapaja iliyeyuka. Ukimpapasa ulihisi kila pingili. Ndipo nilipolegeza masharti ya chumvi. Mwalimu alishangaa, maana alikuwa ameyashika kama amri. Nilimweleza kwamba mbwa wa daraja D anayekonda hudhurika zaidi kwa kutokula kuliko kwa chumvi kidogo. Akitaka dagaa, waoshwe, walowekwe, maji yamwagwe, apewe wachache juu ya wali. Akitaka yai, apewe. Alikula dagaa wale kwa siku kadhaa kwa hamu ambayo hatukuwa tumeiona tangu Mei.

Agosti tumbo lilijaa maji pia, upande wa kulia wa moyo ukiwa umeanza kuchoka. Tulitoa kwa sindano mililita 500. Alipata nafuu siku ileile, akaweza kujikunja na kulala.

Uamuzi

Mazungumzo ya mwisho wa Bobi tuliyafanya Julai, akiwa amelala miguuni mwetu, pumzi 26. Niliyataka mapema kwa makusudi. Mbwa wa moyo asiposaidiwa mara nyingi hufa akipambana na hewa, na familia inayolazimika kuamua saa nane usiku, mbwa akiwa na povu puani, huamua kwa hofu. Mwalimu ni mtu wa kanisa. Aliniuliza kama si dhambi. Nilimwambia swali hilo ampelekee mchungaji wake, lakini nikamweleza kile ninachokijua: sindano ya kwanza inamlaza usingizi, hasikii tena lolote, ya pili ni dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa kupitia mshipa, na moyo unasimama ndani ya dakika chache. Nilimweleza pia kifo cha maji mapafuni kinavyokuwa, bila kukipamba. Wiki iliyofuata alinipigia. "Nimeongea na mchungaji. Tukifika hapo, usimwache ateseke."

Tulikubaliana alama tatu na kijana akaziandika nyuma ya daftari: akishindwa kulala ubavu usiku mzima, akikataa hata ini, pumzi za usingizini zikibaki juu ya 40 saa mbili baada ya kidonge cha ziada. Alama mbili zikikutana, mimi naitwa.

Septemba zilijitokeza moja moja na kupita. Mwanzoni mwa Oktoba daftari linasema: 41, 46, "hajalala, amekaa tu," kisha "kakataa ini." Kijana alipiga simu saa kumi na moja alfajiri. Hakukuwa na mjadala nilipofika, na kwa hilo nawashukuru wote wawili, maana Bobi hakuongezewa saa hata moja ya kuhangaika wakati wakubwa wakishauriana. Alikuwa barazani juu ya mkeka wake. Mwalimu alimshika kichwa na kumsemesha kwa Kihehe, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kabla ya siku hiyo. Kijana aliomba abaki, akabaki.

Alizikwa uani, shimo la kina cha mita moja na zaidi, mbali na kisima. Kina hicho kina sababu: dawa iliyotumika hubaki mwilini, na mbwa koko, paka au kunguru akila mzoga huo anaweza kufa. Ndivyo ninavyoelekeza kila nyumba, na panapokosekana uwanja mwili hauachwi jalalani.

Kama angesikilizwa mapema

Miezi tisa kutoka Januari, kwa mbwa aliyekuja na fizi zile, naiona ni miezi iliyotunzwa vizuri. Kinachoniuma ni miaka iliyotangulia. Mvumo wa daraja la 5 haukuanza Januari. Kwa kawaida huanza kwa sauti ndogo miaka kadhaa kabla ya kikohozi, na Bobi alikuwa anachanjwa kichaa cha mbwa kila mwaka. Alishikwa, akachomwa, akaandikiwa kadi. Dakika moja ya stetoskopu ingetosha. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti wa mbwa 360 wa daraja B2, ambao moyo umepanuka lakini dalili hawana. Waliopewa pimobendani walichelewa kuingia kwenye maji ya mapafu kwa takriban miezi 15 wakilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Miezi 15 kwa mbwa ni sehemu kubwa ya uzee wake. Kwa hiyo ombi langu kwa mwenye mbwa mdogo aliyevuka miaka saba, iwe Sinza, Mbagala au Kigamboni, ni hili: siku ya chanjo mwambie daktari, naomba umsikilize na moyo. Wala usione haya kuomba.

Bobi ana dada wa tumbo moja, anayeishi mtaa wa tatu kutoka kwa Mwalimu. Wenyewe walimleta mwezi Novemba, hana dalili yoyote, anakula na kukimbiza kuku. Ana mvumo daraja la 3, moyo kwenye eksirei ni 11.2, na chumba cha juu cha kushoto ni 1.7. Hiyo ni B2. Tumemwanzishia pimobendani mara mbili kwa siku, furosemaidi hajapewa kwa kuwa haihitaji, na picha itarudiwa baada ya miezi sita.